Tulivyoondoa uvundo kwenye mabwawa ya maji taka bila kuyafukia

Nilipokabidhiwa kutunza mabwawa matatu ya maji taka ya makazi yetu, huku Mombasa bara upande wa Kisauni, majirani wengi walishataka yafukiwe. Jioni upepo ukitulia, uvundo ulituingilia hadi mezani. Nilipinga kuyafukia, na leo bado ningepinga. Ardhi yetu ni mawe ya matumbawe yenye matundu, na bila mabwawa tungemwaga shimoni, na kinachomwagwa humo hakikawii kufika kisimani. Bwawa lililokandikwa vizuri udongo wa mfinyanzi linayazuia maji hayo mpaka yasafike.

Na yanasafika bila pampu wala bili ya umeme. Bwawa la kwanza lina kina cha mita tatu hivi. Humo uchafu huzama na kuozeshwa na bakteria wasiohitaji hewa. La pili ni mita moja na nusu, na hapo mwani hutengeneza oksijeni mchana kwa nguvu ya jua, bakteria wakaitumia kula uchafu uliobaki. La tatu halizidi mita moja, ili jua lipenye na kuua vijidudu.

Ugonjwa wetu ulikuwa bwawa la pili. Majani madogo yanayoelea yalikuwa yametanda juu yake kama mkeka, na kwenye kona iliyobaki wazi maji yalikuwa na rangi ya zambarau. Rangi hiyo huletwa na bakteria wa salfa, na ni dalili kwamba bwawa limelemewa na oksijeni imekwisha. Bwawa la pili lenye afya ni la kijani.

Vijana wa mtaa walinisaidia. Tulikokota kamba juu ya maji, ukingo hadi ukingo, kwa kufuata upepo wa kusi, tukayasukumia majani kona moja, tukayaopoa kwa reki na kuyazika. Kisha wakageukia ukoko mweusi wa bwawa la kwanza, nikawazuia. Bi mmoja, jirani yangu, hakuelewa kabisa.

"Mwanangu, mbona waacha uchafu wenyewe?"

"Bi, huo ndio kifuniko. Tukiuchokoa, harufu yote yatoka."

Hapo ndipo watunzaji wengi hupotea: utando wa bwawa la pili lazima uondolewe, lakini ukoko wa la kwanza uachwe.

Kilichobaki kilikuwa tope la chini ya bwawa la kwanza, ambalo huwezi kulipima kwa macho. Nilizungushia taulo nyeupe kwenye ufito mrefu, nikauzamisha wima hadi chini, nikasubiri kidogo, nikautoa polepole. Taulo ilipogusana na tope ilibaki nyeusi, imejaa chembe. Juu ya hapo ililowa tu. Tope likifika theluthi ya kina, ni wakati wa kuliondoa, na letu lilishapita. Tulichangishana, tukaita lori la kunyonya.

Mbu tuliwakabili kwa kufyeka. Mbu wa maji machafu, ambao hapa pwani ni miongoni mwa wanaoeneza matende, hupenda kutaga penye nyasi na kivuli, kwa hiyo kingo zote sasa ni tupu, na hakuna anayeruhusiwa kutupa hata ganda la dafu humo.

Uvundo ulipungua kadiri kijani kilivyorudi. Sasa mvutano ni juu ya maji yanayotoka bwawa la tatu, kwa sababu wenye bustani wanayataka kwa mchicha na nyanya. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 1989 kwa mazao yanayoliwa mabichi, kabla ya mwongozo mpya wa 2006, kilikuwa vijidudu vya kinyesi visivyozidi 1,000 katika mililita 100, na yai la mnyoo lisilozidi moja kwa lita. Maji yanayong'aa hayakuonyeshi hayo, ni maabara tu. Mpaka majibu yaje, nayaelekeza kwenye minazi na migomba, na mchicha unamwagiliwa ya kisima.