Nilivyoshusha nitrati kwenye tangi la matumbawe hapa Mombasa

Tangi hili la lita 300 niliachiwa na ami yangu alipohamia Nairobi. Lina mawe ya bahari, samaki mmoja aitwaye kangaja, wengine wawili wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na matumbawe laini yaliyooteshwa kutokana na vipande alivyopewa na mfugaji mwenzake. Lilipofika kwangu matumbawe yalikuwa yameingia rangi ya kahawia, mchana hayakunjuki vizuri, na kioo ukikisugua leo, kesho kimeshaota mwani. Ami hakuwa mzembe. Alibadilisha sehemu ya maji kila mwezi bila kukosa na chakula alitia kidogo. Dalili zote hizo ni za nitrati nyingi, chumvi ya naitrojeni inayolisha mwani. Basi ilikuwa ikitoka wapi?

Nilianza kwa kupima. Kipimo cha matone huanzia rangi ya njano na kuishia nyekundu, na ikishakuwa nyekundu macho hayawezi kutofautisha miligramu 40 na 80 kwa lita. Dawa yake ni hii: chukua sehemu moja ya maji ya tangi, ongeza sehemu nne za maji yaliyochujwa yasiyo na nitrati, pima, kisha jibu lizidishe mara tano. Ile chupa ya dawa ambayo unga wake hutuama chini itikise kwa nguvu nusu dakika nzima, la sivyo utapata jibu dogo la uongo na utalala ukidhani mambo ni shwari. Mimi nilipata kama miligramu 80 kwa lita. Maji ya juu ya bahari kuu kwa kawaida huwa chini ya 1.

Mzunguko wenyewe wa naitrojeni wafugaji wanaujua: kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, bakteria huigeuza nitriti, wengine wakaigeuza nitrati. Hapo safari huishia, isipokuwa wewe uyatoe maji, mwani uinywe, au bakteria wanaoishi ndani kabisa ya mawe, pasipo na oksijeni, waivunje iwe gesi ya naitrojeni. Lakini samaki watatu wanaolishwa kwa kiasi hawafikishi 80 huku maji yakibadilishwa. Nikaacha kuwatazama samaki, nikatazama ndoo.

Joto la hapa wakati wa kaskazi mnalijua. Ami alifunga feni mbili ndogo juu ya tangi ili maji yapoe, na feni hupoza kwa kuyafanya yawe mvuke. Tangi likawa linapoteza lita 5 kila siku, na pengo hilo lilijazwa kwa maji ya kisima cha ploti. Kinachopaa ni maji matupu. Kila kilichokuja nayo hubaki. Nilipima kisima: 40. Piga hesabu. Lita 5 zenye miligramu 40 ni miligramu 200 kwa siku, ukizigawanya kwa lita 300 unapata karibu 0.7 kwa kila lita kila siku. Mwezi mmoja ni 20, kabla hata samaki hajala. Hakuna skima (chombo kinachotoa uchafu majini kwa povu) wala mwani wa kushindana na hilo kwa urahisi.

Sababu ya kisima kuwa hivyo iko chini ya miguu yetu. Mji huu umekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, wenye matundu mengi, na vyoo vya shimo vimechimbwa hatua chache kutoka visimani. Uchafu haupati udongo wa kutosha wa kuuchuja. Na nitrati haina rangi, haina harufu, haina ladha.

Hapo niliacha habari za samaki kwa muda nikashuka kwa jirani wa chini, ambaye ana mtoto mchanga.

"Dada, maziwa ya unga ya mtoto unayakoroga kwa maji gani?"

"Ya kisima, lakini twayachemsha sana."

Kuchemsha huua vijidudu, nitrati haiondoi. Maji yakipungua sufuriani, ndiyo kwanza huzidi kukolea. Kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita, na kimewekwa kwa ajili ya watoto wachanga hasa, kwa sababu nitrati nyingi huwaharibia damu uwezo wa kubeba oksijeni. Kisima chetu kilikuwa chini ya hapo kwa kidogo tu, na kisima hubadilika mvua zinaponyesha. Siku hiyo hiyo aliacha kuyatumia kwa mtoto, nami nilifurahi kuliko nitakavyofurahia tumbawe lolote.

Kwa tangi nilishauriwa maji ya AC na maji ya mvua ya mabati. Yote mawili niliyakataa: AC ina mabomba ya shaba, mabati yana zinki, na shaba hata kidogo huua kamba na matumbawe. Nanunua maji yaliyochujwa kwa utando, yale ya mitungi ya lita 20, na kila mtungi naupima kabla ya kumimina. Kichujio cha mkaa pekee hakitoshi, nitrati hupita.

Maji ya kubadilishia nachota baharini wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa kabisa. Yakitoka, ufukweni kwetu utaona vijito vyembamba vikichimbuka mchangani, na ukionja si chumvi kali: ni maji yale yale ya visima yanayoelekea baharini. Nilipima hapo, rangi ikapanda mara moja. Maji makuu yaliyojaa yalibaki njano. Nachukua maji tu. Jiwe na tumbawe naviacha mahali pake.

Nilibadilisha asilimia 15 kila wiki, si zaidi, maana matumbawe yaliyozoea 80 hayapendi kuamkia 10. Kwa mwendo huo, kama hakuna nyingine inayoingia, 80 huwa karibu 42 baada ya wiki nne. Kamba wa kugandishwa wa chakula nawaosha kwanza, juisi yao namwaga.

Siki nyeupe pia nilijaribu, mililita 2 kwa siku. Bakteria huila, huongezeka, hubeba nitrati, kisha skima huwatoa. Inafanya kazi kweli. Lakini bakteria hao hunywa oksijeni, na stima ikipotea usiku pampu zikasimama, samaki ndio hulipa. Kwa mji wetu mimi nashauri mwani wa nyuzi kwenye tangi dogo la pembeni, taa yake ikiwaka usiku. Unaukata, unautupa, na nitrati imetoka nao. Kangaja naye hupata sehemu yake.

Sasa kipimo hukaa kati ya 5 na 10. Sifuri siitaki, matumbawe laini hupauka kwa njaa. Kahawia imepungua, na saa nne za asubuhi yote yamekunjuka. Masika yakikaribia najaza mapipa mawili ya maji ya bahari, nayafunika na kuyawekea pampu, kwa sababu mvua zikishaanza kusukuma tope la mito hadi ufukweni, sichoti hata ndoo moja mpaka maji yarudi kuwa angavu.