Uzoefu wangu: msingi wa jamvi (bamba moja la zege chini ya nyumba nzima) kwenye kiwanja chenye tumbawe mbele na mchanga nyuma, Kisauni

Kiwanja kilikuwa cha futi 40 kwa 80, na nyumba ya chini ya mita 9 kwa 10. Ukiuliza mafundi kumi wa Mombasa msingi wa nyumba kama hiyo, tisa watakujibu bila kuangalia ardhi: chimba mtaro wa futi mbili, mwaga zege, panga mawe, endelea. Mara nyingi wanapata sawa, kwa sababu sehemu kubwa ya kisiwa, Nyali na Bamburi imekaa juu ya mwamba wa tumbawe, na mwamba husamehe mengi. Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, imesimama moja kwa moja juu ya tumbawe hilo. Shida ni pale mwamba unapoishia katikati ya kiwanja.

Kabla ya mchoro nilichimbisha mashimo matatu ya majaribio, kila moja upana wa mita moja ili mtu aweze kuingia na sururu. La mbele lilikutana na tumbawe kwenye sentimita 40. La kati, sentimita 70. La nyuma ndilo lililobadilisha hesabu nzima: mita 1.1 ya kwanza ilikuwa ni jaa la zamani lililofukiwa, majivu, vifuu vya nazi na vigae vya chupa, kisha mchanga wa kawaida, na maji yakaonekana kwenye mita 2.2 bila dalili ya mwamba. Usichimbe shimo moja tu katikati ya kiwanja ukaridhika. Weka shimo kila pembe ambako nyumba itakaa, na lile la mahali unapopashuku lifikishe chini zaidi.

Kwenye mwamba fanya na jaribio la mtaimbo. Uangushe kutoka usawa wa kiuno, kila nusu mita, na usikilize. Tumbawe zima hulia kama chuma juu ya jiwe, tumbawe lenye pango chini hutoa sauti ya mtungi. Mapango haya ni ya kawaida kwa sababu maji ya mvua huyeyusha chokaa taratibu. Tulipata sehemu mbili zenye sauti hiyo, tukazifungua, tukatoa udongo laini uliokuwa ndani na kujaza zege la 1:3:6, yaani simiti sehemu moja, mchanga tatu, kokoto sita. Katika viwanja vya zamani tafuta pia visima na mashimo ya vyoo yaliyofunikwa. Waulize wazee wa jirani, watakuonyesha kwa kidole.

Sasa uchaguzi. Misingi ya juu juu, yaani ile isiyoshuka mbali kama nguzo za kupigiliwa, iko ya aina chache tu, na zote zinajibu swali moja: uzito wa nyumba uugawe juu ya eneo gani ili ardhi iubebe bila kudidimia?

Msingi wa mkanda hufuata ukuta. Kwa ukuta wa milimita 200, mkanda wa upana wa milimita 600 hubaki na milimita 200 kila upande, kwa hiyo unene nao usipungue milimita 200. Sababu ni kwamba uzito hushuka kwenye zege kwa mshazari wa nyuzi 45. Mkanda mpana na mwembamba hukatika pembeni ya ukuta, na upana ulioulipia haufanyi kazi.

Kitako cha nguzo, ambacho wengi wanakiita pedi, ni cha majengo ya fremu, yaani yanayobebwa na nguzo na mihimili badala ya kuta. Hesabu yake ni nyepesi kiasi kwamba sioni kwa nini mwenye nyumba asiifanye mwenyewe kuhakiki. Nguzo ikileta kilonyutoni 400 (kilonyutoni 10 ni kama uzito wa tani moja), ongeza asilimia 10 kwa uzito wa kitako chenyewe, upate 440. Ardhi ikibeba 150 kwa mita ya mraba, gawa: mita za mraba 2.93, yaani kitako cha mita 1.75 kwa 1.75. Ardhi hiyo hiyo ingekuwa inabeba 300, kitako kingeshuka hadi mita 1.25. Kwa makadirio ya mwanzo nilitumia viwango vya BS 8004 ya Uingereza, kanuni za misingi, toleo la 1986: mchanga ulioshikana sana zaidi ya 300, wa wastani 100 hadi 300, uliolegea chini ya 100. Kuna sharti ambalo watu hulisahau: maji yakiwa karibu na chini ya msingi, kwa kina kisichozidi upana wake, viwango vya mchanga vigawe kwa mbili. Pwani sharti hilo hukutana nalo kila mara.

Kiwanja changu kilikataa zote mbili. Mkanda ungekaa mbele juu ya jiwe na nyuma juu ya mchanga. Jiwe halishuki, mchanga hushuka kidogo, na ufa ungetokea palepale jiwe linapoishia, ukipanda kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha. Si udhaifu wa mchanga unaovunja nyumba za namna hii. Mchanga mtupu pande zote ungeshuka sawasawa na hakuna ambaye angejua. Kinachovunja ni tofauti ya kushuka. Kushusha msingi wote hadi mwambani haikuwezekana, maana nyuma mwamba ulikuwa chini ya maji.

Basi tukaenda kwenye jamvi, ambalo mafundi huliita rafti: bamba moja la zege lenye nondo chini ya nyumba nzima, lenye mbavu chini ya kuta. Lakini jamvi peke yake halitoshi likilala nusu juu ya jiwe. Ncha ya mwamba ingelikata kama kisu kinavyokata mkate. Mbele tulichonga mwamba sentimita 20 zaidi, ili chini ya mbavu pawe na mto wa sentimita 30 wa vumbi la kokoto lililoshindiliwa. Nyuma tukatoa jaa lote hadi mita 1.1 na kujaza vumbi hilo hilo, tukatoka nje ya mstari wa nyumba kwa mita moja kila upande, kwa kuwa uzito hutanuka unaposhuka na ukingo wa jamvi haufai kuning'inia juu ya udongo usioshindiliwa.

Hapa kwenye kushindilia ndipo pesa huibiwa. Tabaka ni sentimita 15, si zaidi, kwa mashine ya kushindilia ya sahani. Ukimwaga sentimita 40 mara moja, juu patakuwa pagumu na chini patabaki unga. Vumbi liwe na unyevu wa kutosha kushikana ukilifinya kiganjani bila kutoa maji. Kavu kabisa halishikani, na tope hukimbia pembeni. Kila tabaka nilikuwa nikisukuma nondo ya milimita 12 kwa mikono miwili. Ikizama kirahisi tunarudia. Si kipimo cha maabara, ila humkumbusha kibarua kwamba kuna anayeangalia.

Juu ya hapo ilipigwa dawa ya mchwa, likafuata zege jepesi la 1:4:8 la sentimita 5 ili tupate uso safi, kisha karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu, ya geji 1000 (unene wa robo milimita), viungo vikipandana sentimita 30 na kubandikwa kwa utepe. Vibarua wavue viatu vyenye misumari. Tundu moja kwenye nailoni utaliona baada ya miaka miwili, rangi ya ukuta ikianza kupukutika kwa chini.

Mchoro wa mhandisi ulitaka bamba la milimita 200, mbavu za upana wa milimita 300 zenye kina cha 450 kuanzia juu ya bamba, nondo za milimita 10 kila sentimita 20 juu na chini, pande zote mbili. Kwenye mbavu, nondo nne za milimita 12 na ringi za kuzifunga za milimita 8 kila sentimita 20. Zege lote lilifika mita za ujazo 22. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 unaokula mifuko kama 6.5 kwa mita moja, hiyo ni mifuko 143, nikanunua 150. Nondo za milimita 10 zilikuwa karibu 170 za urefu wa mita 12, pamoja na maungio. Maungio yenyewe yapandane mara 50 ya unene wa nondo, na yasiangukie yote kwenye mstari mmoja.

Watu huliogopa jamvi kwa bei. Linganisha vizuri. Msingi wa mkanda wa nyumba hii hii ungekula mita za ujazo 6.6 kwenye mitaro na 9 kwenye sakafu, jumla 15.6. Tofauti ya zege ni mita 6 na kidogo. Nondo ndizo zinazouma. Upande wa pili jamvi halikuhitaji ukuta wa msingi wala mawe ya kujazia chini ya sakafu, na mawe hayo na usafiri wake si bure.

Nondo za chini zilikaa juu ya biskuti za zege za milimita 50, moja kila mita. Kokoto hazifai kwa kazi hiyo, huteleza zege likimwagwa. Za juu zilibebwa na viti vya nondo vilivyopindwa, kimoja kila mita ya mraba. Bila viti, vibarua wenye makarai watazikanyaga hadi zilale juu ya zile za chini, na utakuwa umelipia nyavu mbili ukapata moja.

Mabomba ya maji machafu yanapita ndani ya bamba, kwa hiyo yapangwe kabla. Tuliacha vipande vya bomba la milimita 160 ili lile la milimita 110 lipite na nafasi ya kucheza. Hilo ndilo ubaya mkubwa wa jamvi: fundi wa bomba akija mwezi wa pili na patasi, atakata nondo ulizozinunua.

Mchanga wa pwani una chumvi, na chumvi hula nondo kutoka ndani. Chuma kikishika kutu huvimba na kupasua zege. Usinunue mchanga uliochotwa karibu na bahari kwa kazi yenye nondo, hata ukiuzwa nusu bei, wala usitumie maji ya kisima yenye ladha ya chumvi kukorogea. Sisi tulileta maji kwa boza. Kuangalia tope, jaza chupa nusu mchanga, ongeza maji na kijiko cha chumvi ya jikoni, tikisa, acha kwa muda wa saa tatu. Utando wa tope juu ukizidi sehemu 8 kwa 100 ya mchanga, rudisha lori.

Kumwaga kulikuwa siku moja, tangu saa kumi na mbili asubuhi. Mashine moja ya mfuko mmoja hutoa korogo kila dakika nne, na korogo 143 ni saa tisa na nusu bila kupumzika. Tukakodi mashine mbili. Kipimo cha mchanga na kokoto kilikuwa boksi la mbao la milimita 300 kwa 300 kwa 390, ambalo ni lita 35, sawa na mfuko mmoja wa simiti. Beleshi si kipimo: la asubuhi hujaa, la saa nane mchana ni nusu. Maji ni lita 25 kwa mfuko, pungufu ikiwa mchanga umelowa. Mwendesha mashine akiona zege ni zito atataka kuongeza ndoo ya maji. Mkatalie. Tulitumia poka ya kutetemesha, hasa kwenye mbavu, kwa sababu zege lisilotetemeshwa huacha matundu kama sega la nyuki karibu na nondo. Kufikia saa nne jua lilikuwa limeshachachamaa, na yaliyomwagwa mwanzo yalifunikwa magunia mabichi mara yalipoanza kushika. Tulimwagilia siku saba, asubuhi, adhuhuri na jioni.

Ukuta wa ua ndio uliopata mkanda, milimita 450 kwa 150, maana ukitokea ufa huko haumdhuru mtu. Hata hivyo tuliukata kwa kiungo cha wazi kila mita 6, na kimoja kiliwekwa makusudi palepale mwamba unapoishia. Ardhi ilipoteremka mkanda ulishuka kwa ngazi: kimo cha ngazi kisizidi unene wa mkanda, na ule wa juu uulalie wa chini kwa angalau sentimita 30.

Vitako vilienda kwenye mnara wa tangi la lita 5,000. Maji ni tani tano, mnara wenyewe si mzito, kwa hiyo kila mguu kati ya minne hauleti zaidi ya kilonyutoni 25 hivi. Kitako cha sentimita 50 kingetosha kwa uzito. Tuliweka sentimita 90 kwa 90 na unene wa 30, kina cha mita moja, kwa ajili ya siku tangi likiwa tupu na upepo wa kusi ukivuma: hapo mguu mmoja haukandamizi, unang'oka, na kinachouzuia ni uzito wa kitako na udongo uliokifunika.

Kwa wanaojenga kisiwani, ambako nguzo ya pembeni hukaa juu ya mpaka wa jirani, nguzo haiwezi kukaa katikati ya kitako chake. Unaunganisha nguzo hiyo na ya ndani kwenye kitako kimoja. Mfano: ya mpakani kilonyutoni 300, ya ndani 450, umbali mita 3. Kitovu cha uzito kiko mita 1.8 kutoka ile ya nje. Nguzo ya nje ikiwa sentimita 15 ndani ya mpaka, kitovu ni mita 1.95 kutoka mpakani, basi urefu wa kitako ni mara mbili yake, 3.9, ili kitovu kiangukie katikati. Jumla 750 na asilimia 10, kwa ardhi ya 150, ni mita za mraba 5.5, upana 1.45. Nondo za juu katikati ya nguzo hizo mbili zisisahauliwe, maana hapo kitako hupinda kuelekea juu.

Shimo la maji ya choo nililiweka mita 6 kutoka ukingo wa jamvi, upande wa mwamba. Lingekaa nyuma, maji yake yangekuwa yanasomba mchanga ule ule ulio chini ya vumbi tulilolishindilia.