Jinsi nilivyotenganisha fedha za matibabu na mtaji wa mkopo

Mwaka 2021 nilikuwa mwanachama wa kikundi cha wakopaji kijijini kwetu, wilayani Iramba, mkoani Singida. Nilikopa shilingi 400,000 ili ninunue alizeti wakati wa mavuno na kuiuza bei itakapopanda. Kabla haijapanda mwanangu aliugua, nikachota kwenye mtaji, kisha nikaenda kwa wakopeshaji wa riba kubwa tunaowaita kausha damu ili nipate rejesho. Wanakikundi wenzangu tuliodhaminiana walinifuata nyumbani mara mbili, na aibu hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye mafunzo ya kutunza fedha niliyokuwa nikiyakwepa.

Mkufunzi alitutaka tuandike kwa miezi mitatu kila shilingi iliyotutoka kwa sababu ya ugonjwa, ikiwemo nauli ya bodaboda na uji wa mgonjwa. Niliamini kwamba zahanati ndiyo iliyokuwa ikinimaliza, lakini daftari lilinisuta: kati ya shilingi 86,500, zaidi ya nusu zilikwenda duka la dawa, kwa vidonge vya maumivu na nusu dozi za antibayotiki nilizonunua bila mtu kupimwa. Shilingi mia tano leo na elfu moja kesho hazina kishindo, ndiyo maana sikuwahi kuzihesabu.

Mwezi Julai, baada ya kuuza gunia la kwanza na kabla sijagusa deni lolote, nilikata kadi ya CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ambayo ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Sisi tulikuwa saba. Mama mkwe ndiye aliyebaki nje, jambo ambalo mume wangu hakulifurahia hata kidogo, mpaka tulipomfuatilia kitambulisho cha matibabu ya bure kwa wazee kupitia ofisi ya kijiji.

Kadi peke yake haikutosha, kwa kuwa dawa huweza kukosekana zahanati ukaambiwa ukanunue nje. Kwa hiyo nilianza kuweka shilingi 1,000 kila wiki kwenye kibubu, na ufunguo akautunza mama mkwe, ambaye hatoi fedha kabla hajaona karatasi ya vipimo. Mvua zilipoanza mwanangu alipatwa tena na malaria. Alipimwa kwa kadi, dawa ya homa ikanunuliwa kwa fedha za kibubu, na Alhamisi nilipeleka rejesho kamili bila kuuza hata debe moja la alizeti.