Wiki Mbili za Kuchochea Moto, Cantal

Desemba ile nilikuwa mwaka wangu wa kwanza wa masomo Clermont-Ferrand, Ufaransa. Likizo ya Krismasi ilipoanza bweni likabaki tupu, kila mtu kaenda kwao. Mama mmoja niliyekuwa nikimfundisha mwanawe Kiingereza akaniomba nikamwangalizie nyumba ya wazazi wake kijijini, huko Cantal, milimani: kuku sita, paka mmoja na jiko la kuni la kupashia nyumba joto, lenye mlango wa kioo. Nikakubali papo hapo. Mimi mtoto wa Muheza, kuku nimekua nao na kuni nimebeba tangu darasa la tatu.

Nyumba yenyewe ya mawe meusi ya volkano, kuta nene ajabu. Kuta hizo zikishapoa, kuzipasha moto tena ni kazi ya siku mbili nzima. Hilo sikulijua. Usiku wa kwanza nikakoka moto kama jikoni kwetu: karatasi chini, vijiti, kisha magogo juu. Magogo nilikuwa nimeyachukua mbele ya lundo, yaliyonyeshewa theluji. Moshi ukajaa sebuleni, kioo cha jiko kikawa cheusi ti. Nikafungua dirisha, na joto dogo nililopata likatoka nalo. Nililala na sweta mbili, koti, na kanga nimejifunga kichwani. Asubuhi maji ya kuku yalikuwa yameganda mpaka chini ya ndoo.

Aliyeniokoa ni bibi jirani, mtu wa miaka themanini na ushei. Nilimwita Madame kama ilivyo desturi yao, lakini moyoni kila asubuhi nilikuwa nikimwambia shikamoo. Alinipeleka kwenye banda, akachukua magogo mawili ya mwaloni akayagonganisha. Yakalia kwa sauti kali, kama vipande vya mvule. Akagonga mengine mawili, yakatoa mshindo mzito, du. Hayo yana maji, akasema, yaache. Mwaloni kwao huanikwa miaka miwili au zaidi kabla haujaingia jikoni.

Kisha akapanga moto kichwa chini miguu juu, mbele ya macho yangu: magogo manene chini, membamba juu yake, vijiti juu kabisa, na kiberiti juu ya vyote. Mimi nikasema kimoyomoyo, huu hauwaki. Ukawaka. Moto unashuka wenyewe taratibu, moshi wa magogo ya chini unapita kwenye ndimi za moto na kuungua humo humo, na dohani inapata joto mapema hivyo inavuta vizuri. Kioo tukakisafisha kwa gazeti lililoloweshwa na kuchovywa kwenye jivu. Kikang'aa. Akanionya pia nisibane hewa ili kuni zidumu, maana masizi yakijaa dohani inaweza kushika moto.

Nami niseme hili kwa ndugu zangu mnaokuja nchi za baridi: jiko la mkaa msiingize chumbani kwa ajili ya joto, na vitundu vya hewa msivizibe. Gesi yake haina harufu, na inaua watu wamelala.

Baada ya hapo siku zikapata mpangilio. Jua huchomoza kama saa mbili na nusu asubuhi, na saa kumi na moja na nusu jioni limeshazama, kwa hiyo kila kitu kinabanwa katikati: kuni ndani, maji ya vuguvugu kwa kuku, kulisikiliza gari la mkate lipige honi, na kufunga banda kabla mbweha hajaanza matembezi yake.

Mkesha wa Krismasi bibi alinialika. Misa ilikuwa kijiji cha pili, mapema jioni, kwa kuwa padri mmoja ana makanisa mengi. Mezani palikuwa na chaza wabichi, huko mlimani mbali na bahari! Nilimkamulia ndimu wa kwanza, nikafumba macho, na ladha ya maji ya chumvi ikanirudisha Tanga. Mimi nilipeleka pilau niliyopika juu ya jiko la kuni, kwa iliki na bizari nilizobeba kutoka mjini. Bibi aliongeza sahani mara mbili. Tukamalizia na keki yenye umbo la gogo. Zamani, akasema, gogo la kweli ndilo lililowekwa motoni usiku huo, nalo likachaguliwa kubwa ili lidumu.

Saa nne usiku simu ikalia. Muheza ilikuwa saa sita, Krismasi imeingia.

"Mwanangu, umekula?"

"Nimekula, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Na baridi?"

Nikamweleza habari za moto. Mama akacheka, akaniuliza kama nimesahau alichokuwa akifanya bibi yangu kila usiku kabla ya kulala. Kweli nilikuwa nimesahau. Niliporudi nyumbani nikakusanya makaa pembeni, nikayafukia kwa jivu, nikaenda kulala.

Alfajiri, giza bado, nikafukua kwa kijiti. Makaa mekundu, matano au sita. Nikaweka vijiti vikavu, nikapuliza mara mbili, na kiberiti kikabaki juu ya rafu.