Herufi Moja Juu ya Mlango wa Duka

Mjomba wangu alipofungua duka la madaftari na kalamu huko Ngamiani, Tanga, katika mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba, alimwita fundi wa mabango aandike juu ya mlango neno ambalo wateja wote hulitamka steshenari. Fundi aliandika kwa herufi kubwa za buluu STATIONARY, na rangi ilikuwa haijakauka alipopita jirani yetu, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, akasimama kusoma.

Tulimwamkia, akaitikia, kisha akamwambia fundi, "Mwanangu, hapo umeandika kwamba duka hili halisogei."

"Ni kweli, mwalimu, halisogei," fundi akajibu kwa adabu.

Mwalimu alieleza kwamba stationary, yenye a, ni kivumishi cha kitu kilichotulia mahali pamoja, kama behewa lililoegeshwa stesheni, ilhali stationery, yenye e, ni jina la karatasi, bahasha na vifaa vyote vya kuandikia. Kwa kuwa maneno hayo hutamkwa kwa namna moja, sikio halimsaidii mtu, na Waingereza wenyewe huyachanganya. Sisi alitupa njia yetu ya kukumbuka: kukaa kuna a, penseli ina e.

Kilichonivutia zaidi ni yale aliyoongeza baadaye, akiwa ameshaletewa kiti. Maneno yote mawili yana asili moja katika Kilatini, na katika vyuo vikuu vya kale vya Ulaya, kama vile Bologna na Paris, muuza vitabu aliitwa stationarius kwa sababu alikuwa na kituo cha kudumu, tofauti na wachuuzi waliotembeza bidhaa. Kwake yeye Waingereza walipata stationer, ambaye chama chake mjini London kilipewa hati ya kifalme mwaka 1557, na bidhaa zake ndizo zilizokuja kuitwa stationery. Kwa hiyo jibu la fundi lilikuwa na nasaba nzuri kuliko alivyojua mwenyewe, ingawa kwa maoni yangu nasaba haifuti kosa la tahajia.

Mjomba alitaka herufi ile ibadilishwe bila malipo. Fundi akatoa mfukoni karatasi aliyokabidhiwa asubuhi, ambamo mjomba alikuwa ameliandika neno lile kwa mkono wake mwenyewe, na a ikionekana wazi kabisa. Marekebisho yalilipiwa siku ile ile.