Damu ya Keti haikuwa ya joto

Naandika hii kwa sababu wiki iliyopita jirani yangu hapa Tabata aliniambia anataka kumuua mbwa wake, kisa anatoa damu huko nyuma na kuna kinyama kimejitokeza. Nikamwambia subiri kwanza kaka, mimi haya nishayapitia.

Keti, mbwa wangu jike, alianza kudondosha damu mwaka jana, matone madogo madogo pale barazani, nikajua yuko kwenye joto tu, yaani msimu wake wa kutaka dume. Wiki ya tatu ikapita, ya nne, damu haikati. Nikaenda duka la dawa za mifugo nikauziwa antibayotiki, wapi. Siku moja kajilaza anajilamba, nikamulika na tochi ya simu nikaona kinyama chekundu kama koliflawa, ukikigusa tu kinavuja damu. Moyo ulifanya paa!

Daktari wa mifugo hakukimbilia kisu. Alichukua kioo kidogo akakigusisha pale kwenye uvimbe, akapaka rangi, akaweka kwenye hadubini, akaniita nichungulie: seli za mviringo zenye vitundu vitundu kama mapovu. TVT hiyo, akasema, kansa ya mbwa ya kuambukizana. Mpaka leo inanishangaza, maana hakuna kirusi hapo, seli za kansa zenyewe ndo zinahama toka mbwa mmoja kwenda mwingine wakipandana au hata wakilambana na kunusana, na zote asili yake ni mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Sasa fikiria mitaa yetu usiku mbwa wanavyozurura.

Ila inatibika jamani, na wengi wanapona kabisa! Dawa inaitwa vinkristini, sindano ya mshipa mara moja kwa wiki, kwa kawaida wiki nne mpaka sita. Keti alichomwa tano. Kila kabla ya sindano anapimwa damu kwanza kwa sababu dawa inashusha seli nyeupe, na daktari alikuwa anautafuta mshipa taratibu mno maana ikimwagikia nje inaunguza nyama. Nyumbani nilivaa glovu kusafisha mkojo wake siku za mwanzo. Baada ya sindano ya pili kinyama kilikuwa kimenywea karibu nusu, nililia. Alipopona nikamfunga kizazi.

Sio kila uvimbe unaenda hivyo lakini. Ukipapasa chuchu ukakuta kagololi, wahi, na kwa paka wahi zaidi maana uvimbe wa maziwa kwao mara nyingi ni kansa kali, huo unakatwa na kipande kinaenda maabara. Wenye paka weupe nao waangalie ncha za masikio, jua letu hili linawachoma, kidonda kisichopona pale kinaweza kuwa kansa ya ngozi.

Jana jirani kanipigia, kioo kimeonyesha TVT, Jumamosi anaanza sindano. Nimemuahidi nitaenda kumsaidia kumshika.