Pesa za Facebook zilikuepo kweli, ila hela ya kujisajilia usitoe

Juzi usiku mama mdogo kanipigia kutoka Wete, hata salamu hazijesha ananiuliza, mwanangu hebu nitazamie, zile pesa za Facebook zishatoka? Nkamwambia pesa gani mama. Kumbe kuna kijana kawatia kwenye grupu la WhatsApp, kila mtu katoa elfu 35 ya usajili, eti Wamarekani wanawalipa watu ambao taarifa zao zilichukuliwa. Yeye katoa na majirani zake watatu wametoa. Hela ya karafuu ile, kaanika mwenyewe na kila wingu likitanda anakimbilia kuanua. Wallahi niliumia sana.

Na kinachoniuma zaidi ni kua uongo wenyewe umejengwa juu ya jambo la kweli. Kampuni ya Facebook mwaka 2022 ilikubali kutoa dola milioni 725 kumaliza kesi ya taarifa za watu zilizofika kwa Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza ya ushauri wa siasa. Kule Marekani wana kesi za namna hio, mtu mmoja au wachache wanashtaki kwa niaba ya wote waliofanyiwa jambo lilelile, pande mbili zikipatana kampuni inatoa fungu, jaji analipitisha, wakili anakata chake, halafu kila aliehusika anajaza fomu ya madai anasubiri mgao. Mtoto wa ami yangu anaekaa Minneapolis alijaza, kaandika jina, anuani, akaunti yake na njia ya kulipwa, basi, hakudaiwa hata senti moja. Lakini fungu lile lilikua la waliokua na akaunti wakiwa Marekani kati ya Mei 2007 na Disemba 2022, na fomu zilifungwa tarehe 25 Agosti 2023. Mama mdogo hajawahi kuvuka zaidi ya Dar. Hakuwemo tokea mwanzo, na hata angekuwemo muda ushapita zamani.

Zipo nyengine, hizi serikali yao ndio inaishtaki kampuni, ambazo mtu wa huku angeweza kuwemo. Western Union mwaka 2017 walikubali kutoa dola milioni 586 kwa sababu matapeli walikua wakipokelea pesa kwao na baadhi ya mawakala walishirikiana nao, na waliotapeliwa wakatuma pesa kwa njia hio kati ya 2004 na Januari 2017 waliruhusiwa kudai hata wakiwa nje ya Marekani, malipo ya mwanzo yakatoka 2020. Mtu mwenye risiti yake ya miaka ile kazi ilikua nyepesi, kwa hio jamani risiti za kutuma pesa musifungie ubuyu.

Kama unasikia kuna malipo, kwanza uliza kesi ya nani na nani, mahakama gani, nani anaingia, mwisho wa fomu lini. Zile zinazopitia tume yao ya biashara, FTC, zimeorodheshwa kwenye tovuti ya tume yenyewe, na wanasema wazi hawamtozi mtu ili apate haki yake. Akikutajia ada tu, kata simu.

Mama mdogo nimemwambia asitoke kwenye grupu kwanza wala asifute kitu. Meseji zote na namba ya muamala tunazo, Jumatatu asubuhi yeye na wale majirani watatu wanakwenda polisi, na mimi napanda boti ya Jumapili niwepo.